Barua ya wazi kwa vijana wa bodaboda: malizeni breki kabla ya kona

Wanangu wa vijiweni,

Jumanne iliyopita, kwenye kona iliyo karibu na kwangu huku Kinyerezi, nilimnyanyua kijana wa umri wa mjukuu wangu pamoja na mama aliyekuwa amempakia. Hawakugongwa na mtu. Kijana aliingia kwenye kona kwa kasi, akashtuka akiwa katikati, akakata mafuta ghafla na kukanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zake zote. Tairi la nyuma lilijifunga, likateleza, pikipiki ikalala chini. Nyanya za yule mama zikatapakaa hadi mtaroni, na juu ya lami ukabaki mchirizi mweusi wa mpira, uliopinda kama mundu. Michirizi ya namna hiyo nimeiona mingi mno, na nimechoka kuiona.

Tairi lina uwezo mmoja tu wa kushika barabara, nao hugawanywa kwa kazi mbili: kupunguza mwendo na kukata kona. Pikipiki ikiwa wima, karibu uwezo wote ni wa breki. Ikishalala upande, sehemu kubwa imekwisha kuchukuliwa na kona. Anayebana breki ya mbele kwa pupa wakati huo, pikipiki humwinukia na kumtoa nje ya njia yake, na kama kona ni ya kushoto humpeleka kwenye magari yanayokuja. Kwa hiyo punguzeni mwendo mkiwa bado mmenyooka, kwa breki zote mbili, na gia mbadilishe hapo hapo, ndipo mlaze pikipiki. Ndani ya kona shikilieni mafuta kidogo, bila kuyakata, kwa sababu mkiyakata uzito hukimbilia mbele na tairi la nyuma hubaki jepesi. Mkiuona mwisho wa kona, ongezeni taratibu. Tena, kona ile ile ukiikata kwa kilomita 60 kwa saa badala ya 30, mzigo wa tairi hauwi mara mbili, huwa mara nne.

Jihadharini pia na mchanga wa pembeni, dizeli iliyomwagika vituoni, tairi kipara, mvua ya kwanza, na mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja.

Lakini lawama si zenu peke yenu. Sisi wazee tunampa kijana ufunguo asubuhi na kumdai hesabu jioni, bila kumpa hata saa moja ya mafunzo. Wapo wanaomwambia ailegeze breki ya mbele, eti itampindua, ilhali hiyo ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa kuwa pikipiki inaposimama uzito huja mbele. Nilipoibana ya yule kijana, mkono wa breki ulifika hadi kwenye mpini bila kushika chochote. Mwenye pikipiki alipowasili, aliikagua taa kwanza, kisha ndipo akamtazama kijana, ambaye goti lake lilikuwa bado linavuja damu.

Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakuwa kwenye maegesho ya lami ya sokoni kwetu, nikiwa na chupa tupu za kuwekea alama za kona. Njooni na pikipiki zenu, breki ya mbele ikiwa imekazwa.

Mzee wenu wa Kinyerezi