Msilaumu bati, tazameni misumari

Ndugu Mhariri,

Vuli inakaribia, na kila mwaka mvua za kwanza zikianza maneno ni yale yale: "Nimeuziwa bati feki." Mabati mepesi yapo madukani, hilo silikatai, geji 32 ni jembamba kuliko geji 28 na likikanyagwa ovyo hubonyea. Lakini bati jipya ni nadra kuvujia katikati. Maji hupita pale lilipotobolewa au lilipoungwa, yaani kwenye msumari, mpandano (bati moja linapolalia jingine), kofia (bati la kufunika kilele cha paa), bonde la paa (pande mbili za paa zinapokutania chini) na gata (mfereji wa kukusanya maji ya paa). Naomba nafasi nieleze namna ya kulitafuta tundu kabla mtu hajalipia bati jingine.

Kosa la kwanza ni kuziba juu ya pale silingi bodi ilipoloa. Maji yakishaingia huteremka na mbao ya kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), pengine mita mbili tatu, ndipo yadondoke. Doa la sebuleni laweza kuwa na tundu lake juu ya chumba cha kulala. Panda darini saa sita mchana jua likiwa kali, zima tochi, subiri macho yazoee giza. Tundu litang'aa kama nyota. Chomeka chelewa ya ufagio humo ili aliye juu ya paa aione. Kisha washa tochi, ufuate michirizi kwenye mbao kuelekea juu, maana maji hayapandi mlima. Na ukanyage kenchi, usikanyage silingi.

Usipoona mwanga, tumia mpira wa maji. Anzia chini ya paa, mwagia sehemu moja kwa dakika 10 huku mwenzako yuko darini, ndipo upande mita moja. Ukianzia juu maji yataenea paa zima na hutajua yaliingilia wapi.

Wenzetu wa kwenye baridi, kama Njombe na Makete, wajihadhari na kitu kingine. Matone yakionekana alfajiri bila mvua, tena yametapakaa paa zima, huo si uvujaji, ni jasho la bati, yaani mvuke wa ndani uliogusa bati baridi ukageuka maji. Hapo dawa ni matundu ya hewa darini.

Sasa msumari. Papi, yaani mbao zilizolazwa juu ya kenchi ambazo bati hupigiliwa, nyingi hupigwa zikiwa mbichi. Zikikauka hunywea na msumari unalegea. Tena bati lenyewe halitulii: la mita 6 likipata joto la nyuzi 40 zaidi hurefuka karibu milimita 3, jioni linarudi. Miaka kadhaa ya kwenda na kurudi hutosha kuinua kofia ya msumari na kulipanua tundu. Kuugongelea tena ni kujidanganya. Ung'oe, weka skrubu nene na ndefu zaidi yenye raba, kaza mpaka raba itokeze kidogo pembeni, uishie hapo. Ukiikaza hadi ikapasuka umetengeneza tundu jipya. Papi ikiwa imeoza, skrubu haitashika. Pigilia papi nyingine ubavuni mwake kwanza. Na msumari au skrubu ya bati la mawimbi hukaa juu ya mgongo, kamwe si bondeni maji yanakopita.

Mpandano wa ubavuni uwe mgongo mmoja na nusu, na mdomo wake usitazame upande mvua inakotokea. Mpandano wa juu na chini uwe sentimita 15 paa likiwa na mteremko mkali, 25 na zaidi likiwa limelala. Ukipungua, maji hunyonywa kati ya mabati mawili hata pasipo tundu lolote.

Saruji kwenye kofia ya paa na kwenye maungio ya ukuta ndiyo inayoniudhi kuliko yote. Bati linatembea, saruji haitembei, hivyo ufa ni suala la muda tu. Panapokutana bati na ukuta, chana mfereji ukutani, ingiza kipande cha bati kilichokunjwa, kishuke juu ya paa sentimita 15, ndipo uzibe mfereji. Ukinunua silikoni, inuse: ile inayonuka siki inakula zinki ya bati. Tafuta isiyo na harufu hiyo. Na baada ya kukata kwa grainda fagia chenga za chuma zote, la sivyo zitashika kutu pale pale juu ya bati.

Nyumba hizi za kuficha paa, ambazo kuta hupanda kulizidi bati, zinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa gata limo ndani ya kuta. Mvua ya milimita 50 juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 5,000, na nimeona zote zimetegemewa bomba moja la inchi 2! Wekeni mabomba mawili ya inchi 4, gata lishuke sentimita 1 kwa kila mita, na ukutani litobolewe tundu la dharura chini ya usawa wa ukingo wa bati. Majani ya mwembe yakiziba bomba, maji yatokee nje, yasimwagikie kitandani.

Dishi la televisheni nalo lifungwe ukutani, si juu ya bati.

Fundi wa paa,
Morogoro