Barua ya wazi: Mheshimiwa, waiteni hata wanaoogopa maji

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya usalama wa fukwe,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia nikiwa mwokoaji wa kujitolea. Nimelisoma tangazo la ofisi yako linalowaita watu wajitolee kulinda waogeleaji ufukweni. Sharti la kwanza ni kwamba mwombaji awe tayari anajua kuogelea vizuri. Naomba sharti hilo lihamishiwe mwisho wa mafunzo, na mwanzoni liwepo darasa la kuzoea maji, bila malipo, kwa mtu mzima yeyote.

Sharti hilo lingekuwepo nilipojiunga, ningerudi nyumbani. Nilikuwa na miaka 31 na sijawahi kuzamisha uso majini. Utotoni wimbi liliniangusha, na tangu siku ile maji yakinifika kifuani pumzi hukatika. Mkufunzi wangu hakuanza na kuogelea. Wiki mbili nzima tulisimama kwenye maji ya kiunoni tukirudia jambo moja: vuta pumzi kwa mdomo, inama, toa mapovu taratibu kwa pua, inuka. Kisha akanilaza chali, viganja vyake chini ya mgongo wangu, masikio yangu yakiwa ndani ya maji, akaniambia nijaze kifua na kutazama mawingu. Nilipokaza shingo, kiuno kilizama. Nilipoilegeza, miguu ilipanda yenyewe. Sikujua aliondoa mikono saa ngapi. Nilipomwona amesimama hatua tatu kutoka nilipo, nililia.

Wapo watakaosema mtu wa namna hiyo hafai kuokoa wengine. Nawaelewa, wala siombi kiwango kishushwe. Australia, anayetaka cheti cha uokoaji wa ufukweni hupimwa kuogelea mita 400 kwa dakika 9 au pungufu, na kipimo cha aina hiyo nakiunga mkono kwa moyo wote. Mimi kilinichukua zaidi ya mwaka kukifikia. Lakini nilikifikia, kwa sababu kiliwekwa mwisho wa safari.

Tena kasi ni sehemu ndogo tu ya kazi yetu. Sehemu kubwa ni kutazama. Tumezoea kusema mfa maji haachi kutapatapa, na kwa hiyo watu ufukweni hungoja kuona mtu akipunga mikono na kupiga kelele. Mara nyingi hapigi kelele, kwa kuwa hana pumzi ya kupigia. Kichwa kimelalia nyuma, mdomo uko usawa wa maji, mikono inayakandamiza maji pembeni, na macho hayamtazami mtu yeyote. Nimewahi kumwona kijana wa namna hiyo katikati ya wenzake waliokuwa wakicheka na kurushiana maji, wala hakuna aliyegundua. Mimi nilimtambua kwa sababu niliijua sura ile kutoka ndani. Nilimsukumia boya badala ya kumpa mkono, maana anayezama humkumbatia amfikiaye na wote wawili wakashuka. Nikamwambia, “Lilalie. Pumua.” Ni maneno niliyoambiwa mimi.

Kuna na mkondo unaorudi baharini. Mahali unapopita, mawimbi mara nyingi hayavunjiki, panaonekana shwari, na mgeni huchagua papo hapo kuingia. Mkondo ule haumvuti mtu chini, humpeleka mbali na ufukwe. Ajuaye kuogelea lakini akashikwa na hofu hupambana nao uso kwa uso mpaka nguvu zinamwishia. Aliyezoea kuelea hulala chali, akapumua, akangoja msaada au akakata pembeni, sambamba na ufukwe, mpaka atoke ndani yake. Kwa hiyo hata wale watakaohudhuria darasa hili na wasiwe waokoaji kamwe, watakuwa wamepunguza kazi yetu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, karibu nusu yao wakiwa na umri chini ya miaka 29. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai kuwa Siku ya Kuzuia Kufa Maji Duniani. Naomba safari hii, siku hiyo, pamoja na hotuba, ofisi yako ifungue daftari la kuandikisha wasiojua kuogelea. Linalohitajika ni maji ya kiunoni yaliyotulia, mkufunzi mmoja kwa watu wanne au watano, wakufunzi wanawake kwa wanaowahitaji, na subira. Subira hasa. Mtu asisukumwe majini kwa nguvu eti atazoea. Anayesukumwa harudi kesho yake.

Mheshimiwa, kama wewe mwenyewe hujui kuelea, nipo zamu kila Jumamosi asubuhi. Njoo kabla watu hawajajaa. Nitakuwekea viganja mgongoni, na sitaviondoa mpaka shingo yako ilegee.

Wako mtiifu,
Mwokoaji wa kujitolea