Mheshimiwa Balozi, ramani za taka za mionzi ziko wapi?

Kwa Mheshimiwa Balozi wa Ufaransa, Dar es Salaam.

Mheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa historia, nafundisha sekondari. Kila mwaka naandika ubaoni: Algeria, uhuru, Julai 5, 1962, baada ya miaka 132 ya kutawaliwa na karibu minane ya vita. Safari hii binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha kidole. "Mwalimu, kwa hiyo siku hiyo Wafaransa wakafungasha?" Nikajibu ndiyo. Nilipofika ofisini nikaona haya, maana si kweli.

Mkataba wa Evian wa Machi 18, 1962, uliomaliza vita hivyo, uliwaachia ninyi miaka mitano zaidi kwenye vituo vya majaribio vya Sahara. Huko mlilipua mabomu ya nyuklia 17. La kwanza, huko Reggane, Februari 13, 1960, lilipewa jina la kipanya wa jangwani anayerukaruka (sijui nani alikaa mezani akalichagua). Kati ya hayo 17, 11 yalilipuliwa Algeria ikiwa tayari huru, la mwisho Februari 1966. Mwenye nyumba karudishiwa funguo, na aliyeivamia bado anachimba uani!

Mei 1, 1962, wiki sita tu baada ya Evian, bomu liliwekwa ndani ya mlima wa Taourirt Tan Afella, In Ekker. Mlima ulitakiwa ulimeze kimya. Haukulimeza: handaki lilifumuka, wingu la mionzi likatoka nje. Mawaziri wenu wawili, Pierre Messmer na Gaston Palewski, walikuwa wamekuja kutazama; wakatimua mbio pamoja na wengine, wakaenda kuogeshwa. Wafugaji wa maeneo yale hawakuwa na bafu la kukimbilia.

Mlipoondoka mlifukia vifaa vyenye mionzi mchangani, na mchanga wa Sahara hautunzi siri. Upepo ukivuma unafukua. Wenyeji wakaokota vyuma na nyaya, wakauza, wengine wakapeleka nyumbani.

Ninachoomba ni ramani kamili ya mlichofukia, na wapi. Msiniambie haiwezekani. Mwaka 2007 mliikabidhi Algeria ramani za mabomu ya kutegwa ardhini mliyoyaacha mipakani. Mlichelewa miaka 45, lakini mlitoa. Mwaka uliofuata mkapitisha sheria inayofunga moja kwa moja nyaraka zinazoweza kumsaidia mtu kuunda silaha za nyuklia. Sawa. Lakini kujua lori lilifukiwa wapi kunamfundishaje mtu kuunda bomu?

Nigeria, ikiwa na miezi mitatu tu ya uhuru, ilimfukuza balozi wenu Januari 1961 kwa sababu ya majaribio hayo hayo. Usihofu, mimi sina uwezo huo; nina chaki tu.

Naomba barua hii uifikishe Paris. Nimeshamwambia yule binti kwamba nilimjibu vibaya, na kwamba wanajeshi wenu waliondoka kwenye vituo vile mwaka 1967. Akauliza tena: "Na vitu vyao?" Hapo ndipo nimekwama. Jibu likija kwa Kifaransa si neno, tutatafuta wa kututafsiria.

Wako,
Mwalimu wa historia, Morogoro