Mnyang'anye Twalib ule msasa

Mpenzi Rukia,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani, mama hasa. Sisi hatujambo. Najua nimekaa kimya mno tangu msiba, na maelezo unastahili kuyapata, ila leo yasubiri kwanza. Nuru ameniambia kwamba kaka yako Twalib amenunua msasa na vanishi, eti avifanye vipya viko vya tumbaku vya marehemu baba yenu kabla hamjagawana. Rukia, tafadhali, ufiche huo msasa. Na vanishi pia.

Usicheke, nakujua. Jina la kiko limeandikwa kwenye mbao yenyewe, pale shingoni, kati ya bakuli na mdomo. Ni vijiherufi vilivyogandamizwa juujuu tu, vingine huvioni mpaka uinamishe kiko kwenye mwanga. Msasa ukipita mara mbili tatu, vimekwenda, na hakuna fundi wa kuvirudisha ila kwa kughushi. Mtabaki na kitu kinachong'aa kisichojulikana ni cha nani wala cha lini. Kile cha Mzee Kombo si unakikumbuka? Kinapendeza kweli, laini kama yai, na mpaka leo hakuna anayeweza kusema kimetoka wapi.

Sasa hizo picha zako. Ahsante, ingawa ya tatu imepiga zaidi kidole gumba chako. Kile cheusi chenye kidoti cheupe juu ya mdomo, Twalib anaapa kuwa ni Dunhill. Huenda. Alfred Dunhill alianza kutengeneza viko London mwaka 1910, na hicho kidoti ndicho kilichompa umaarufu. Lakini mdomo si unachomoka? Watu huuma mpaka ukavunjika, wakachomeka wa kiko kingine, maisha yakaendelea. Kwa hiyo kidoti kinakuambia mdomo ni wa nani, basi. Habari ya kiko chenyewe utaipata shingoni. Tafuta jina Dunhill, kisha maneno MADE IN ENGLAND, halafu uangalie kwa makini baada ya ile D ya mwisho: kama kuna kitarakimu kidogo kimekaa juu kidogo ya mstari, umepata ufunguo wa mwaka. Ufunguo tu, maana tarakimu zilezile zilirudiwa baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo lazima kisomwe pamoja na alama nyingine zote. Ukiona namba ndani ya kiduara, hiyo ni ya ukubwa wa kiko, usiichanganye na mwaka.

Halafu bakuli lake naliona lina mikunjomikunjo, kama limepulizwa mchanga. Dunhill walianza kutoa viko vya namna hiyo mwaka 1917 wakaviita Shell. Ile mikunjo si uchakavu! Mwambie Twalib hivyo, kwa sababu najua ndiyo atakayoanza kuisawazisha.

Cha pete ya chuma ndicho kilichonifurahisha. Nuru alinisomea mihuri kwenye simu: "Kuna K&P, kuna jani, kuna mbwa amelala, kuna mnara." Nikacheka peke yangu. K&P ni Kapp na Peterson, watu wa Dublin, Ireland, kwa hiyo hapo tumeshapata mtengenezaji. Lakini jani, mnyama na mnara si mihuri ya fedha. Waliipiga kwenye pete za nikeli, ikapendeza, na imewadanganya wengi kabla ya kaka yako. Fedha yenyewe ya Dublin ina mwanamke aliyeketi, kisha kinubi chenye taji, pamoja na herufi ya mwaka. Ya Uingereza ina simba anayetembea, na kando yake alama ya mji ilikopimwa: nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London. Kwa hiyo ile hesabu ya Twalib ya kumpelekea sonara aipime uzito, aisahau.

Ila msikitupe kwa kuwa ni nikeli! Hebu nisomee kilichoandikwa kwenye mbao. Peterson walikuwa wakichapa jina la nchi, na nchi yao imebadilisha jina zaidi ya mara moja. Ukikuta IRISH FREE STATE, ni cha kati ya 1922 na 1937. Ukikuta EIRE, kimefuata muda mfupi baadaye. Ukikuta REPUBLIC OF IRELAND, basi hakikuchapwa kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1940, jamhuri ilipotangazwa. Mimi hupenda sana jambo hili. Siasa za nchi nzima zimebanwa kwenye kijiti unachoweza kukifunika kwa dole gumba, kisha anatokea mtu na msasa wake!

Cha tatu, kile chenye herufi GBD ndani ya umbo la yai, ni majina ya watu watatu, Ganneval, Bondier na Donninger, walioanza Paris mwaka 1850. Baadaye vilitengenezwa London pia, ndiyo maana nataka maneno yaliyo karibu na hilo yai, si yai peke yake.

Sasa fanya hivi. Usilowanishe kitu. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, zima taa ya chumbani, washa tochi ya simu uilaze upande karibu na shingo ili mwanga upite juu ya maandishi badala ya kuyapiga usoni. Utashangaa herufi zinavyojitokeza. Piga picha shingo kulia, kushoto na chini, halafu pete ikizunguka. Ile midomo iliyogeuka kijani kibichi msiikwangue kwa sasa, kwani nembo ya hapo ni nyepesi kuliko ya kwenye mbao. Na kama mdomo umekwama, uache ulivyo. Ukiulazimisha, shingo itapasuka.

Najua Twalib hana nia mbaya. Anataka vitu vya baba vionekane vinatunzwa, na pengine kazi ya mikono inampa nafuu, si unajua alivyo. Mpe kazi ya sanduku basi, lile lina kutu za kutosha kumshughulisha mwezi mzima. Lakini viko aniachie. Na wala sisemi kwa ajili ya bei, ingawa najua mmoja wenu ameshaanza kuitafuta, simtaji.

Ameshaanza kusugua? Hilo nijibu leo, hata kwa neno moja. Na je, mzee aliwahi kukuambia alivipata wapi? Alivinunua mwenyewe au ni vile alivyoachiwa na yule rafiki yake baharia? Kuna karatasi au mfuko wa kitambaa uliobaki sandukuni? Mama anasemaje, anataka kubaki na kimoja? Goti lake linaendeleaje? Na wewe unalala, Rukia, au bado unakesha?

Wako,
Salma