Walimu hatuogopi vishikwambi, tufundisheni

Mhariri,

Gazeti hili nalisoma tangu nikiwa chuo cha ualimu na sijawahi kuwaandikia. Ila habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu walimu na vishikwambi imenishinda kuinyamazia. Mmemnukuu ofisa akisema walimu wa msingi, hasa sisi wenye umri, tunaogopa teknolojia. Mwalimu hata mmoja hamkumuuliza.

Vishikwambi hivyo mmesahau vimetoka wapi? Ni vile vya Sensa ya Agosti 2022. Makarani wengi waliopita navyo nyumba kwa nyumba walikuwa walimu, na mimi nikiwamo. Tulikaa kwenye mafunzo, tukajaribu, tukakosea, tukasahihishwa, tukaenda kuhesabu watu hadi mashambani. Wakati ule hakuna aliyesema mwalimu anaogopa.

Tulipogawiwa vya kufundishia, mafunzo yakawa ya asubuhi moja. Tulijazwa ukumbini walimu wa kata kadhaa, mwezeshaji akawasha projekta na kupitisha slaidi mbiombio, nusu ya maelezo kwa Kiingereza. Vishikwambi vyenyewe tulikuwa tumevipakata, vingi havina chaji, wala hakutuambia tuviwashe. Mwenzangu mmoja, mama anayekaribia kustaafu, ambaye watu wazima wengi wa kijiji chetu walijulia kusoma kwake darasa la kwanza, alinyoosha mkono akauliza kitabu kinapakuliwaje kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu, na kikishapakuliwa kinakaa wapi ili akifungue darasani pasipo na mtandao. Siku ile halikuulizwa swali la maana kuliko hilo. Akajibiwa: "Mama, wajukuu watakuelekeza nyumbani." Ukumbi mzima ukacheka. Alikirudisha kishikwambi kwenye kifuko chake, akafunga zipu, na hakusema neno tena hadi tunatawanyika. Hasira ile haijaniisha. Januari 2024 mtaala mpya ulipoanza, vitabu vya darasa la tatu vilichelewa kufika shuleni kwetu, na alichokuwa anakiuliza mama yule ndicho hasa tulichokihitaji.

Na bando la kupakulia linatoka wapi? Mfukoni mwetu. Hapohapo kuna PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji kazi, ambako kila mtumishi wa umma anatakiwa kujaza majukumu na utekelezaji wake mtandaoni. Asiyejaza anaambiwa asahau kupanda daraja. Shuleni kwetu mtandao unashika chini ya mwembe ulio upande wa vyoo, tena kwa kubahatisha. Ikikaribia siku ya mwisho, walimu wanaacha vipindi, wanapanda bodaboda kwenda steshenari mjini, kijana wa pale anawajazia kwa malipo na nywila zao anabaki nazo. Watoto siku hiyo wamekaa bila mwalimu, na mwalimu amerudi hajajifunza chochote. Hilo ndilo la kuandikwa gazetini!

Serikali tayari ina utaratibu wa MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, na shule zinatakiwa ziwe na jumuiya za ujifunzaji. Basi zitumike. Kila Jumatano saa nane mchana tukae shuleni kwetu, kila mtu na kishikwambi chake mkononi kikiwa na chaji. Wiki ya kwanza tupakue kitabu kimoja na kukifungua mtandao ukiwa umezimwa. Asiyeweza arudie hadi aweze, na asichekwe. Wiki ya pili tujifunze kuonyesha video ya mzunguko wa damu kwa watoto zaidi ya tisini wenye kioo kimoja kidogo: makundi yakaeje, na wanaosubiri zamu wafanye kazi gani. Hilo hakuna slaidi iliyowahi kutuambia. Atufundishe mwalimu kijana tuliye naye hapahapa, anajua na ana subira. Halmashauri impe bando la kila mwezi na impunguzie vipindi viwili kwa wiki. Na ninyi mkimtuma mwandishi, aje Jumatano.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Lindi