Shukrani za familia: kaka yetu amerudi Likoni

Assalamu alaikum, na kwa majirani zetu wasio Waislamu, hamjambo nyote.

Alhamdulillahi, kaka yetu, yule fundi cherehani mnayemjua, amerudi kutoka Nairobi alikotibiwa mshipa wa figo alilopandikizwa. Alishuka kwenye treni pale Miritini kwa miguu yake mwenyewe, na begi alitaka kulibeba pia, tukamnyang'anya. Sisi nduguze, pamoja na Bi Mkubwa, tunawashukuru mno.

Hatuwezi kumtaja kila mtu. Lakini vijana wa maskani waliozunguka na ndoo kwenye kivuko alfajiri, watu wakikimbilia kazini, tumewaona. Akina mama wa chama walipika pilau wakauza sahani kwa sahani Jumamosi nzima, wakaleta pesa pamoja na masufuria yetu yamesuguliwa yanang'aa kuliko tulivyowapa. Imamu alitangaza baada ya sala ya Ijumaa, pasta wa kanisa jirani naye akatangaza Jumapili. Mashemeji wa Lamu, wateja wa cherehani, na wale mliotuma shilingi hamsini kwa simu mkaomba radhi kwamba ni kidogo: haikuwa kidogo. Ami yetu alisimamia hesabu bila kulala, na bado anazo daftarini kwa anayetaka kuzitazama.

Sasa kuna jambo lazima tuliseme wazi, kwa sababu maneno yalimfuata dada yetu mpaka jikoni kwake. Figo alilompa nduguye halikukataliwa na mwili. Halikuwa bovu. Wala hakuna aliyelogwa.

Lililotokea ni hili. Anayepandikizwa figo hatolewi yale yake ya zamani kwa kawaida. Jipya huwekwa chini ya tumbo, upande mmoja, na mshipa wake wa damu ukaunganishwa na mshipa mkubwa unaoelekea mguuni. (Ndiyo, kaka ana mafigo matatu. Watoto wa mtaani wameshamtania vya kutosha.) Mahali pale pa kuunganishia, au karibu yake, mshipa unaweza kuwa mwembamba baadaye. Mara nyingi hali hii hujitokeza kati ya miezi mitatu na miaka miwili baada ya upasuaji, na kwake ilikuja ndani ya muda huo huo. Figo likipata damu kidogo hudhani mwili mzima umepungukiwa, likatoa kemikali za kupandisha presha na kuzuia chumvi na maji. Ndiyo maana presha ilifika 180 juu ya 110 huku anameza vidonge vya aina nne, na miguu ikavimba hata viatu vikamkataa. Halafu akaongezewa dawa moja ya presha, ya kawaida tu kwa wagonjwa wengine, na kreatinini, uchafu wa damu ambao figo huuchuja, ikapanda ghafla. Hapo ndipo daktari wa figo alipoacha kufikiria vidonge na kuanza kufikiria mshipa.

Kipimo cha kwanza kilikuwa ultrasaundi ya dopla, ile inayosikiliza mwendo wa damu. Tuliokuwa chumbani tulisikia wenyewe: shuu, shuu, sauti kali ya juu, kama upepo wa kusi unaopenya ufa wa dirisha. Mpimaji akarudisha kifaa palepale mara kadhaa, kimya, akiandika.

Mjomba wetu, mwalimu mstaafu, aliposikia habari ya kupitisha puto ndani ya mshipa alitaka kujua kama kaka anafanyiwa majaribio. Akaelezwa kwamba daktari Andreas Grüntzig alilitumia puto kwenye mishipa ya moyo kule Zurich tangu mwaka 1977, na ya figo haikuchelewa kufuata. Akatulia, ingawa aliuliza tena.

Basi, kaka hakupasuliwa. Alidungwa ganzi kwenye kinena tu, akawa macho muda wote, anasema madaktari walikuwa wakizungumza mambo ya mpira. Waya mwembamba ukapitishwa hadi kwenye mshipa wa figo, puto likajazwa likapanua pale palipobana, kisha wakaacha stenti, kijibomba cha waya wa wavu, kushikilia njia isijifunge. Ile rangi ya kuonyesha mishipa kwenye picha walimtilia kidogo kidogo, maana yenyewe huweza kuliumiza figo, na kabla yake alitiwa maji ya dripu. Baadaye muuguzi akamkandamiza pale kinenani kwa mkono muda mrefu, na kaka akalazwa chali, mguu umenyooshwa, saa kadhaa. Katika ugonjwa wote huo, hilo ndilo alilolalamikia zaidi.

Presha imeshuka, baadhi ya vidonge vimeondolewa, kreatinini inarudi chini. Hatusemi yamekwisha. Stenti nayo inaweza kubana, kwa hiyo atarudi kwenye dopla mara kwa mara, na kuna aspirini na klopidogreli za kuzuia damu isigande ndani yake. Takrolimasi, ya kuuzuia mwili usilishambulie figo, anaimeza kwa saa zilezile kila siku, maisha yote ya figo hilo.

Kwa hivyo mkija kumtazama, karibuni, ila tusaidieni. Balungi msimletee, huvuruga kiasi cha takrolimasi kwenye damu. Mliyokwisha kuleta tumeyala sisi. Achari vilevile, kwa sababu ya chumvi. Dawa za miti shamba, hata za mtu mnayemwamini, na vidonge vya maumivu vya dukani kama diklofenaki na ibuprofeni, hapana kabisa. Mwenye mafua atume salamu kwa simu.

Pesa iliyobaki ni ya dawa na vipimo vya miezi ijayo, ipo kwa ami. Nambari ya mchango imefungwa. Mtu akikupigia kwa jina la familia hii akitaka utume tena, ni mwizi, usimtumie.

Dua itasomwa nyumbani Ijumaa hii baada ya Isha. Chakula kipo, na mara hii akina mama wa chama ni wageni: hatutaki kumwona hata mmoja akishika mwiko.

Jazakumullahu khairan,
Familia, Likoni