Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wushu

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati ilielekeza nguvu zake katika kujifunza kanuni za mashindano, kwa kuwa wengi wetu tuliingia katika wushu, yaani sanaa za mapigano za Kichina, kwa mapenzi ya kungfu, bila kujua namna sanaa hiyo ilivyogeuka kuwa mchezo wenye majaji na alama.

Chama cha Jingwu, kilichoanzishwa Shanghai mwaka 1910, kiliwakusanya walimu wa mitindo mbalimbali mahali pamoja na kuwafundisha watu wa mjini hadharani, ilhali hapo awali ujuzi mwingi ulirithishwa ndani ya ukoo au kwa wanafunzi wachache. Mageuzi makubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni yale ya miaka ya 1950, wataalamu walipotunga taolu za pamoja, yaani mifuatano ya miondoko iliyopangwa, ikiwemo taijiquan (tai chi) ya miondoko 24 ya mwaka 1956, kwani ndipo wachezaji wa majimbo tofauti walipoanza kupimwa kwa kipimo kimoja.

Baadhi yenu mmeeleza vikaoni kwamba wushu ya zuliani, yaani ya kuonyesha taolu juu ya zulia la mashindano, imepoteza makali ya mapigano. Hoja hiyo ina uzito. Katika taolu mchezaji hana mpinzani mbele yake, na katika taolu za kujitungia alama 10 hugawanywa hivi: 5 za ubora wa miondoko, 3 za uonyeshaji kwa jumla na 2 za ugumu, hivyo mruko unaotua vibaya huweza kumgharimu ushindi. Hata hivyo sanda, yaani pambano la wachezaji wawili, iliyoanza kujaribiwa rasmi mwaka 1979, ilirudisha ngumi, mateke na kuangushana, na kamati inataka tufundishe pande zote mbili.

Shirikisho la kimataifa liliundwa Beijing mwaka 1990, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikalitambua kikamilifu mwaka 2002. Wushu haijawahi kuwa mchezo wa medali katika Olimpiki ya wakubwa. Mashindano ya wushu ya Beijing 2008 yalifanyika kando ya Olimpiki tu. Kwa hiyo kuingizwa kwake katika Olimpiki ya Vijana ya Dakar, iliyoahirishwa kutoka 2022 hadi 2026, ni heshima kubwa, tena katika ardhi ya Afrika.

Kamati inapendekeza ada za mwaka ujao zitumike kwanza kuwafunza majaji wetu wenyewe, kabla ya kununua panga na mikuki mipya. Naomba mkutano mkuu ulijadili pendekezo hili na kulipigia kura.